Kisu Kilichozamishwa Siku Ishirini

"Siku ishirini za nini, Hemedi? Mpunga umeshatwangwa, shehe ameshaambiwa."

Hemedi alikuwa amekaa barazani kwa Mzee Mbarouk, pale Baleni, kisiwani Mafia, anatazama vidole vyake. Thuwaiba, binti wa mzee, alisema naye akiwa nyuma ya mlango. Ndoa yao ilikuwa Ijumaa. Leo Jumanne, bwana harusi anaomba isogezwe.

"Nipe hizo siku tu. Zikiisha nitakwambia sababu."

"Kama umepata mwingine, sema. Misiba nimeshaizoea mimi."

"Sina mwingine. Wallahi sina."

Kabla hujamtukana huyu bwana, ngoja nikueleze.

Mwaka ulikuwa 1909, Mdachi bado ana boma lake Chole. Mchana Hemedi alifua nazi za watu shambani. Lakini raha yake ilikuwa visu vya kukunja. Akisikia mahali kuna kisu kilichokufa, bawaba imeganda, mpini umeoza, atakifuata hata Utende kwa miguu. Anakilaza kwenye mafuta ya nazi, anagonga msumari wa bawaba mpaka utoke, anakwangua kutu, anachonga mpini mpya wa mpingo au pembe ya ng'ombe, na misumari ya shaba anaikata kwenye sinia bovu. Hamtozi mtu. Watu walimcheka kwamba visu vyake vinapendeza kuliko yeye mwenyewe, na tuseme ukweli, hawakumsingizia.

Thuwaiba alikuwa mjane. Mumewe wa kwanza, Hamdu, alitoka kwenda kuvua asirudi. Baadaye rafiki yake Ussi akaja na habari kwamba maiti imetupwa na maji Kisiwa cha Bwejuu, imekaa baharini siku ishirini, sura haitambuliki. Ila kiunoni ilikuwa na kisu cha Hamdu. Wameizika hukohuko. Akakitoa kisu, kimeliwa na kutu, na nyumba nzima ikalia. Thuwaiba akakaa eda, miezi minne na siku kumi, akaitimiza.

Hemedi alipoposa akakubaliwa, Thuwaiba alimpa kile kisu. Alimwomba akifufue, kisha kiende kwa mama yake Hamdu kikiwa safi, yeye aanze maisha mapya moyo umetulia. Hemedi akakipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu ya wiki ya harusi, kabla hata hajakitia mafuta yake, akagonga msumari wa bawaba. Kutu ya nje ilikuwa nene kama gome. Lakini ndani ya bawaba chuma kilikuwa cheupe, na kimelowa mafuta ya nazi.

Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Alijua maana yake. Kisu hiki hakikukaa baharini siku ishirini. Na kama kisu hakikukaa, basi na mwenyewe je?

Angeweza kunyamaza. Nani mwingine Mafia nzima anafungua bawaba ya kisu na kutazama ndani? Ijumaa ilikuwa mlangoni. Lakini kama Hamdu yu hai, Thuwaiba ni mke wa mtu, na ndoa yao ingekuwa haramu tangu siku ya kwanza.

Bado hakuwa na hakika. Akachukua kisu chake mwenyewe alichokipenda kuliko vyote, mpini wa pembe, kazi ya miezi miwili. Akakipaka mafuta vizuri, akakifunga kwenye mzizi wa mkoko pale maji yasipokauka, akakiacha. Siku ishirini.

Siku ya ishirini na moja alirudi barazani na visu viwili. Cha kwake kilikuwa kimeoza hadi ndani ya bawaba, mchanga umejaa, mafuta hakuna hata harufu. Akaviweka sambamba mbele ya Mzee Mbarouk, akaeleza. Mzee alimtuma mtu akamwite Ussi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa. Tazama hivi, halafu uniambie Hamdu yuko wapi."

Ussi aligusa mafuta kwenye bawaba ya kisu cha Hamdu, akajua siri imefichuka.

"Lindi," alisema. "Ana mke huko. Kisu alinipa mwenyewe, nikakitia kwenye mtungi wa maji ya chumvi siku tatu."

"Kwa nini?"

"Alikula yamini mbele yako hatamwacha binti yako wala kumwolea mke mwenza, ami. Akaona kufa ni rahisi kuliko kukutazama usoni."

Thuwaiba akasema taratibu nyuma ya mlango:

"Nimemlilia mtu anayekula pweza Lindi."

Hakuna aliyecheka.

Mzee alituma barua. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, mistari minne tu:

"Kwa ami yangu Mbarouk. Mimi ni hai na sina uso. Thuwaiba nimemwacha kwa talaka tatu mbele ya mashahidi wawili. Asinisamehe kwa haraka. Hamdu."

Hivyo Thuwaiba akakaa eda ya pili kwa mume yuleyule, moja ya kufiwa na moja ya kuachwa. Shehe alisema kitu hicho hajakiona toka azaliwe. Siku zote hizo Hemedi hakukanyaga pale barazani. Hakutuma salamu, hakupita hata njia ile. Mchumba hana haki kwa mwanamke aliye edani, naye hakujua kama bado ni mchumba.

Eda ilipokwisha, alikwenda. Thuwaiba alimkaribisha, akamuuliza jambo moja.

"Siku zile ishirini ulikuwa ukiomba nini?"

Hemedi akafikiri kudanganya, akashindwa.

"Niliomba kisu changu kitoke bawaba safi. Kingetoka safi, kile cha Hamdu kisingekuwa ushahidi wa kitu. Ningenyamaza, nikakuoa."

"Kila siku uliomba hivyo?"

"Kila sala."

"Na kilipotoka kimeoza, hakuna aliyekiona ila wewe."

"Hakuna."

"Ungeweza kukitupa."

"Nilikishika mkononi muda mrefu, Thuwaiba. Nikakuwaza unacheka ndani ya nyumba yangu, hujui ninachokijua. Nikaona nitashindwa kukaa na kicheko hicho."

Thuwaiba alifuta macho kwa ncha ya ushungi. Akageukia ndani.

"Baba," aliita, "mwite shehe. Nimempata mume."