Dole Gumba la Mzee Shigela

Kila asubuhi, kabla ya kuwa mwanafunzi wa darasa la sita, Mbuke alikuwa kwanza baba yake. Alifagia uwanja, akaosha masufuria, kisha akaongozana na baba hadi kinu cha mpunga kando ya barabara kuu, pale Chimala. Getini palikuwa na mashine ndogo nyeusi. Mbuke aliweka dole gumba juu ya kioo chake, taa ya kijani ikawaka, na sauti ya kike ikasema, "Karibu, Shigela Seni."

"Mzee Shigela, shikamoo!" Kalinga, mlinzi wa geti, alimtania. "Mbona ndevu umenyoa?"

"Marahaba, mjukuu wangu," Mbuke alijibu, wakacheka. Baba yake hakucheka. Aliingia ndani kubeba magunia.

Mambo yalianza mwezi wa pili. Wakubwa wa kinu walinunua mashine hiyo bila kumwuliza hata mtu mmoja anayebeba gunia. Walisema ina akili mnemba: inasoma kidole, inajua nani amefika, na mwisho wa mwezi inatoa yenyewe majina ya watoro wa kuachishwa kazi. Lakini miaka kumi na minane ya magunia na pumba ilikuwa imelainisha vidole vya Shigela kama jiwe la mtoni. Kila alipoviweka, taa nyekundu.

"Mzee, vidole vyako vimekufa," alisema kijana aliyekuja kuifunga mashine, huku akiwahi basi. "Lete kidole chochote kinachosoma, tumalize."

Siku hiyo Mbuke alikuwa amemletea baba ugali. Dole lake lilisomeka mara moja.

Tangu hapo alichelewa shule kila siku. Mwalimu Blandina alipomwuliza, alisema alikuwa akimuuguza baba. Uongo mmoja ukazaa mwingine. Na Mama Verediana, jirani yao mpepetaji wa mchele hapo kinuni, ambaye vidole vyake navyo havikusomeka, hakuwa na mtu wa kumwazima kidole. Mashine ilimwandika mtoro mwezi mzima, ingawa wakubwa walikula mchele alioupepeta yeye. Akaachishwa kazi. Alipolalamika ofisini, aliambiwa, "Mashine haidanganyi, mama."

Mwezi wa tano mashine hiyohiyo ilimtangaza Shigela kuwa mfanyakazi bora. Bwana Clement, ofisa utumishi wa kinu, alifurahi mno. Maofisa wenzake wa Mbeya na Iringa, wale wanaoajiri na kufukuza, walikuwa na mkutano mjini Mbeya kuhusu akili mnemba makazini. Alitaka kuwaonyesha mtu wake. "Njoo na binti yako, Mzee. Utapewa cheti mbele za watu!"

Jumamosi, ndani ya basi, baba alizungumza kwa sauti ya chini. "Ukifungua mdomo, mwanangu, kazi imekwisha. Mama yako hayupo, na mimi sina cheti cha shule. Nina mgongo tu."

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na maji ya chupa kila meza. Bwana Clement alisimama kifua mbele kando ya mashine ya kinu, aliyokuja nayo. "Ndugu zangu, mashine haina usingizi, haina upendeleo, haina shemeji!" Watu wakacheka. "Mzee Shigela, njoo uiguse."

Shigela aliweka dole. Taa nyekundu. "Hujatambulika," ikasema sauti.

Akalifuta kwenye suruali. Nyekundu tena.

"Mzee amekula kuku, mafuta hayo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

Shigela alisimama na dole lake hewani, jasho likimtiririka shingoni. Mbuke alimtazama. Akikaa kimya, labda watasema ni mtandao, nao watarudi nyumbani na kazi yao. Lakini Mama Verediana atabaki mtoro maisha yake yote. Akasimama.

"Shikamooni. Hilo dole kwenye mashine si la baba. Ni langu."

Alipita mbele akaigusa. Kijani. "Karibu, Shigela Seni."

Bwana Clement alipaza sauti. "Udanganyifu! Mzee, hesabu huna kazi!"

"Taratibu, Clement," alisema mwenyekiti wa mkutano, Mama Severina wa Iringa. "Mtoto, sema yote."

"Tulidanganya, mama. Lakini baba hajakosa kazi hata siku moja. Mama Verediana pia hakukosa, naye mmemfukuza. Vidole vyao vimeliwa na magunia na nyungo."

Mama Severina alishuka jukwaani, akaushika mkono wa Shigela, akaupapasa. "Huyo Verediana, Clement. Kabla ya kumwachisha ulikwenda kumwangalia?"

"Mashine ilisema..."

"Nakuuliza wewe. Mashine nitaiuliza baadaye."

Pale pale Mama Severina akataka msimamizi wa kinu apigiwe simu, sauti ikasikika ukumbi mzima. "Shigela? Huyo hata akiumwa anakuja! Verediana naye alikuwepo kila siku, nilisema, nani alinisikiliza?"

Makofi yalilipuka, watu wakasimama. Kabla ya chakula cha mchana mkutano ulikubaliana: hakuna atakayeachishwa kazi kwa neno la mashine kabla ya mtu kwenda kumwona kwa macho yake, na walioondolewa hivyo warudishwe. Shigela alipewa cheti chake, na pamoja nacho barua ya onyo kwa kutumia kidole cha mtoto. Alipokea vyote viwili kwa mikono miwili.

Jumatatu Mama Verediana na wenzake sita walioachishwa kama yeye waliingia getini kwa vigelegele, nyungo zikiwa juu ya vichwa. Msimamizi aliwaita kwa majina, kwa mdomo, nao wakaitika kwa nguvu hadi madereva wa malori wakapiga honi. Mama Verediana alimwinua Mbuke juu kama mtoto mchanga.

Alipomshusha, baba alimshika bega.

"Wakubwa walikosea, nami nitalisema hilo mpaka nizikwe," alisema. "Lakini mwanangu, mimi niliwasaidia. Mashine ilionekana nzima kwa sababu sisi tuliuficha ubovu wake, na jirani yetu akaumia huku tukimpa pole. Nilidhani ukweli utaninyang'anya kazi, kumbe ndio uliotoka kunitetea. Usiogope kusema lililo kweli, hata kama na wewe umo kwenye kosa. Anayeficha uonevu, hata kwa hofu, ameusaidia kubeba gunia."