Tangi la Mzee Leonardi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo na Telesphory alikuwa akikaza nati ya mwisho, Bibi Stephania alipoingia uani kuomba moto wa kuwashia jiko.

Akaiona pikipiki. Akasimama.

Ilikuwa pikipiki ya umeme, na usicheke. Mwaka ule watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, petroli haionekani, na hospitali iko Kigoma mjini, mwendo wa nusu siku kwa machela. Honorata, mkewe Telesphory, alishapoteza watoto wawili kwenye njia hiyo. Wa tatu alikuwa tumboni, mwezi wa tisa. Basi Telesphory akachukua dainamo ya lori bovu, akaigeuza mota, akafunga betri mbili chini ya kiti.

Laiti angeishia hapo. Lakini fundi hakosi madaha. Alitaka ifanane na zile za wakati wa Mjerumani: taa ya duara, kiti cha springi, tangi refu lenye shingo. Umeme haunywi petroli. Tangi lilikuwa la pambo tu.

"Tangi umelitoa wapi?" Bibi Stephania aliuliza.

"Kule mahame, bibi. Lilikuwa juu ya kaburi la Mzee Leonardi, yule tarishi aliyepeleka vifurushi kwa pikipiki. Tumeshahamishwa wote, lingeoza bure."

"Lilikuwa na tundu."

"Nimelitia lehemu. Hata ukipapasa hulioni."

Bibi akashika kichwa. "Imana we, Mungu wangu... Tundu lile tulilitoboa sisi, siku ya mazishi. Ukoo wetu hauweki kitu kizima juu ya kaburi. Kitu kizima kinamwita mwenyewe arudi akitumie. Litoboe, mwanangu. Sasa hivi."

Kabla hajajibu, Honorata aliita kutoka ndani. Uchungu umeanza.

Nyundo ilikuwa miguuni pake. Msumari ulikuwa mfukoni. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Telesphory aliyaona hayo ni mambo ya wazee, na mkewe analia. Akampakia nyuma, wakaondoka.

Pikipiki ilikwenda kimya, kama baiskeli kwenye mteremko. Giza likaanza kuingia.

Kisha...

Klok. Klok.

Ndani ya tangi tupu kitu kilikuwa kinacheza. Harufu ya petroli ikampiga puani. Nyuma yake ikaja harufu ya tumbaku, ile kali ya kiko.

"Telesphory," Honorata alinong'ona. "Rudi nyuma kidogo. Sikufikii."

"Mbona niko hapa hapa?"

Honorata akapapasa mbele yake.

"Basi huyu niliyemkumbatia ni nani?"

Hakugeuka. Alihisi kifua cha mtu mgongoni mwake, kifua cha baridi, kikipumua polepole. Akazima swichi.

Pikipiki haikupunguza mwendo.

Taa chache za Mwandiga zikapita. Betri zilipaswa kwisha hapo, mteremko uwafikishe mjini, yeye mwenyewe alikuwa amepiga hesabu. Hazikwisha. Mbele kidogo Honorata akaguna mara moja, akanyamaza.

"Uchungu umeondoka," akasema, sauti imetulia kabisa.

Masikini Telesphory, alimshukuru Mungu.

Walipofika hospitali pikipiki ilisimama yenyewe. Aliiegemeza ukutani bila kuitazama, akamshika mkewe mkono wakaingia. Nesi, mama mmoja aitwaye Rozalia, alimlaza Honorata, akasogeza taa, akabonyeza tumbo. Akabonyeza tena. Nguo zilikuwa kavu. Hakukuwa na tone la damu.

"Mama umejifungua salama," Rozalia alisema taratibu. "Mtoto mmemwacha wapi?"

Telesphory alimgeukia mkewe.

"Yule mzee alimpokea," Honorata akajibu. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililomvunja mumewe moyo. "Alisema anatangulia naye nyumbani. Amesema mikono yake haijawahi kupoteza kifurushi."

Telesphory akakimbia nje.

Pikipiki haikuwepo. Chini ya ukuta zilipangwa betri mbili, na juu yake dainamo ya lori, imefutwa vumbi. Vile ambavyo Mzee Leonardi hakuvihitaji vilikuwa vimerudishwa.

Mbali, kwenye barabara ya kupanda Mwandiga, injini ya petroli ilikuwa inanguruma ikielekea mahame. Na katikati ya mngurumo huo, kichanga kilikuwa kinalia.