Mistari Mitatu Isiyo na Mkeka

Kila siku kengele ya saa tisa ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka darasani na wa mwisho kunyamaza. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu alipojua kusema, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kwa wiki mbili mfululizo alikuwa na kazi kubwa kuliko umri wake: kulitunza shamba la mpunga la mama yake.

Mama alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Daktari wa zahanati alimfunga bendeji, akamwonya asikanyage mteremko hadi mwisho wa mwezi. Baba naye alikuwa fundi mwashi, mtu wa kuondoka asubuhi na kurudi jioni nyusi zimejaa saruji. Basi Mama alishinda barazani, mguu umelazwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima, akimngoja binti yake amletee habari za shamba.

Na Chiriku alikuwa hodari wa kuleta habari.

"Mama, leo nimemkuta panzi mkubwa kama kidole gumba! Nikamwambia, bwana, huu mpunga una wenyewe. Akaruka bila kuaga!"

"Mpunga je?" Mama aliuliza huku akicheka.

"Mpunga umefika magotini. Magotini kwangu, si kwako."

Mpunga wao haukuwa wa bondeni, ule unaosimama majini. Ulikuwa mpunga wa mlimani, unaotegemea mvua peke yake, uliopandwa kwa mistari thelathini iliyokata mteremko kwa upana. Kati ya mstari na mstari udongo haukuonekana. Ulifunikwa na mmea mfupi wa kutambaa, wa jamii ya karanga, wenye maua madogo ya manjano. Nyumbani waliuita mkeka. Vipando vya kwanza waliletewa na bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo anayezunguka mashambani na pikipiki yake. Aliwaeleza kwamba mkeka huo hushika udongo mvua inapopiga, huzuia magugu, na hutunza unyevu jua linapowaka.

Ila mkeka ulitaka kuchungwa. Kabla Chiriku hajaanza kazi, Mama alimwelekeza mara tatu.

"Ukiuachia uparamie mpunga, utakunywa maji ya mpunga. Kwa hiyo kila wiki ukate kwa mundu. Acha upana wa kiganja kimoja kila upande wa mpunga. Halafu hayo majani uliyokata usiyatupe, yalaze pale pale kwenye shina. Umenielewa?"

"Nimekuelewa hadi nimeota," alijibu Chiriku.

Siku za kwanza alifanya kama alivyoambiwa. Lakini wiki ya pili mambo yakaingiliana. Mwalimu wa michezo alitangaza kwamba Alhamisi angechagua timu ya mpira wa pete ya shule, na wasichana wote wakawa wanafanya mazoezi baada ya masomo. Jumanne Chiriku alifika shambani roho yake imebaki uwanjani. Alishakata mistari ishirini na saba. Ilibaki mitatu ya chini kabisa, jirani na mtaro wa kukingia maji. Kukata kwa mundu ni kazi ya kuinama, kupima kiganja, kuhama hatua moja, kisha kuinama tena. Mgongo ulimwuma kwa kufikiria tu.

Alitazama jembe lililoegemezwa kwenye kichaka. "Nikiung'oa mkeka wa mistari hii mitatu mara moja," alijiambia, "sitakuwa na haja ya kuukata tena. Na shamba litapendeza, safi kama uwanja uliofagiwa."

Akang'oa. Jembe halina subira kama mundu, lakini lina mwendo. Kwa muda mfupi udongo mwekundu ulikuwa mtupu, na mpunga umesimama juu yake kama watoto waliovuliwa mashati. Mkeka alioung'oa aliuburuta, akautupa korongoni upande wa pili wa njia. Kisha alikimbia uwanjani, akawahi nusu saa ya mwisho ya mazoezi.

Jioni Mama aliuliza kama kawaida.

"Mistari yote thelathini, Mama! Mkeka umenyolewa kama mwanajeshi."

"Hata ile mitatu ya chini?"

"Hata hiyo," alisema Chiriku. Neno lilitoka kwa wepesi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Jumatano mchana mvua ilinyesha. Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka yote kwa pamoja, na juu ya mabati ya darasa ikapiga makelele mpaka mwalimu akaweka chaki mezani na kusubiri. Wanafunzi walifurahi. Chiriku peke yake alikaa kimya, na rafiki yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Alipofika nyumbani alimkuta Fundi Cherehani barazani. Huyu alikuwa mshonaji aliyepakana nao, mwenye bustani ya mboga chini ya shamba lao. Utepe wake wa kupimia ulikuwa shingoni kama siku zote, lakini leo ulikuwa umejaa tope.

"Sentimita kumi na nane, jirani!" alikuwa akisema. "Nimepima mwenyewe. Tope la sentimita kumi na nane juu ya mchicha wangu! Na kile kisima changu cha kumwagilia kimejaa tope hadi mdomoni. Hayo majani yako ndiyo yameshika maji mpaka yakaelemewa, yakanibwagia yote mimi."

Mama alishika kichwa. "Pole sana, Fundi. Sielewi. Mkeka ndio unaozuia maji yasiporomoke." Akamgeukia binti yake. "Chiriku, pale chini mkeka ulikuwepo, sivyo?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, lakini Fundi Cherehani alikuwa amemkazia macho, na utepe wake ulidondosha tope sakafuni, tone moja moja.

"Ulikuwepo, Mama."

Mama aliutazama utepe uliojaa tope. "Basi kama mkeka umeshindwa na mvua moja, hautufai," alisema. "Siwezi kufuga kitu kinachomharibia jirani bustani. Fundi, Jumamosi mume wangu atakuwa nyumbani. Tutaung'oa wote, kuanzia mstari wa chini hadi wa juu."

Alhamisi Chiriku alichaguliwa kuwa mlinzi wa goli. Wenzake walimbeba juujuu wakimwimba, naye alicheka kwa meno tu. Baada ya hapo alipita shambani. Katika mistari yake mitatu maji yalikuwa yamechimba vijito, mizizi ya mpunga ilikuwa nje, mpunga mwingine umelala, na mtaro umezibwa na udongo. Juu yake, mistari ishirini na saba ilisimama imara. Aliingiza vidole chini ya mkeka. Udongo ulikuwa laini, baridi, umekunywa mvua ukatulia. Hakuhitaji mwalimu wa kumweleza alichokuwa akikiona.

Ijumaa hakuleta habari yoyote barazani. Mama alimtazama na kumwuliza kama ameng'atwa na kitu.

Jumamosi asubuhi Mama alisema lazima aende kuuaga mkeka wake. Baba alikuna kichwa, kisha akatoka na toroli lake la kubebea saruji, akatandika mto ndani.

"Karibu ndani, bibie. Gari la kifahari, halina mlango wa kubanwa."

"Ukinimwaga, leo hutakula," Mama alimwonya, akapanda.

Njia ya kwenda bustanini kwa Fundi Cherehani ilikuwa tambarare, na toroli lililia mwendo mzima kama bata. Majirani walicheka, Mama akawapungia mkono. Walipofika chini ya shamba walimkuta Fundi anawangoja, na bibi shamba ameshateremka kwenye pikipiki. Mama alikuwa amempigia simu.

Bibi shamba alichuchumaa kwenye mistari mitatu iliyoharibika, akachambua udongo kwa vidole. "Ajabu," alisema. "Sioni hata mzizi wa mkeka hapa."

"Si umebebwa na maji?" Baba aliuliza.

"Kwangu sikuona hata jani," alisema Fundi Cherehani. "Nilipata tope tupu."

Bibi shamba alisimama, uso umekunjamana. "Kama mvua moja imeubeba wote usibaki hata mzizi, basi nimekosea kuwashauri. Kuna wakulima kumi na wawili wanaosubiri vipando hivi. Nitawapitia leo niwaambie waache."

Baba aliinua jembe juu ya mstari wa nne, mahali mkeka ulipokuwa umetanda na maua yake.

"Baba, ngoja!"

Sauti ilimtoka Chiriku kama filimbi. Baba alibaki na jembe hewani.

"Mkeka haukubebwa na maji. Niliung'oa mimi, Jumanne, kwa jembe, halafu nikautupa kule korongoni. Nilitaka kuwahi mazoezi. Kisha nikakudanganya, Mama. Mara mbili." Aliyekuwa na maneno ya kila namna sasa alikuwa na machozi tu.

Jembe lilishuka taratibu. Fundi Cherehani alivuka njia, akachungulia korongoni. "Ni kweli," aliita. "Lipo hapa, lundo zima. Linaendelea kutoa maua, halina habari!"

Bibi shamba alicheka kidogo, lakini Mama hakucheka. Alimwita binti yake karibu na toroli.

"Umeona tulipofika? Jembe lilikuwa hewani."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza kuna mtu mwenye mchicha."

Chiriku alimgeukia jirani, akapiga magoti. "Shikamoo, Fundi. Nisamehe. Tope lililoingia bustanini mwako nimelileta mimi, si mkeka."

"Marahaba. Inuka, mwanangu, usije ukachafua na gauni, nitalazimika kulishona," alijibu Fundi Cherehani, hasira imemwishia. "Nami niliuhukumu mkeka bila kuusikiliza. Leta beseni tuzoe tope."

Kazi ilianza hapo hapo. Chiriku na Baba walizoa udongo kutoka kisimani na bustanini, wakaupandisha shambani beseni kwa beseni, wakafunika mizizi iliyokuwa wazi na kuunyanyua mpunga uliolala. Mtaro ulizibuliwa. Bibi shamba alivua kofia yake ya pikipiki, akamwonyesha Chiriku jinsi ya kukata vipando kutoka mistari ya juu na kuvichomeka katikati ya mistari ile mitatu, mbali na mpunga. Mama aliongoza kila kitu akiwa ndani ya toroli, akinyoosha kidole huku na huku kama kapteni wa meli.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa na mvua hata tone, na jua likawaka kweli kweli. Mistari ya juu iliendelea kuwa ya kijani, maana mkeka ulikuwa umetunza unyevu chini yake. Katika mistari mitatu majani ya mpunga yalijikunja kama sigara. Kila jioni, baada ya mazoezi, Chiriku alichota maji kisimani kwa Fundi Cherehani, akamwagilia mpunga na vipando kwa kopo, shina kwa shina. Wiki ya tatu vipando vilianza kutambaa. Fundi mwenyewe aliomba vichache, akavipanda kwenye ukingo wa juu wa bustani yake, na akawa anavipima kwa utepe kila Jumapili kuona vimeenda umbali gani.

Wakati wa mavuno Mama alikuwa amepona, akapanda mteremko kwa miguu yake. Mistari ishirini na saba iliinama kwa mashuke mazito. Ile mitatu ya chini ilizaa, lakini mpunga wake ulikuwa mfupi na mashuke yake mepesi. Mama alikata shuke moja la juu na moja la chini, akayaweka kwenye viganja vya Chiriku.

"Pima mwenyewe."

Chiriku alipima. "La juu ni zito karibu mara mbili."

"Udongo ukivuliwa nguo, mvua inaupiga na jua linaukausha. Hilo umelijua kwa mikono yako, hutalisahau," Mama alisema. "Lakini kuna jingine. Kung'oa mkeka kulikuwa kosa la kazi, na kosa la kazi hurekebishwa kwa kazi. Uliona mwenyewe, tulizoa udongo tukaurudisha. Uongo ndio uliokuwa karibu kutumaliza. Kwa maneno yako mawili matatu, mimi nilikilaumu kitu kisicho na kosa, bibi shamba akataka kuwanyima wakulima kumi na wawili vipando, na baba yako akainua jembe juu ya mkeka mzima. Mtu akipewa habari ya uongo, hata akiwa na akili nyingi, ataamua vibaya. Ungeniambia Jumanne ile kwamba umechoka na unataka kwenda mazoezini, unajua ningekujibu nini?"

"Ningegombezwa."

"Ningekwambia nenda ukacheze, mitatu hiyo utaikata kesho."

Chiriku alilitazama lile shuke jepesi la chini, akamtazama mama yake. Kisha wote wawili waliangua kicheko, wakashika miundu na kuendelea kuvuna, Mama mstari huu na binti mstari ule. Baada ya muda mfupi sauti ilipanda kutoka katikati ya mpunga.

"Mama! Nimekata mashuke mawili ambayo hayajaiva! Nilikuwa natazama ndege!"

"Nimekusikia," Mama alijibu, bila kuinua kichwa. "Yaweke kando, endelea."