Jiko la Mkaa Lililofichwa Chumbani

Dobi alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Akabonyeza kitufe cha jiko la umeme wa jua. Kimya.

"Jiko lenyewe kama bosi," mumewe alisema. "Linaangaliwa tu, halifanyi kazi."

Jiko hilo, betri yake na paneli juu ya paa, walipewa kwa ruzuku ya serikali. Sharti lilikuwa kutuma taarifa kwa simu kila baada ya miezi mitatu. Jiko linafanya kazi? Limeharibika? Mnapikia nini kingine?

Taarifa ilipotakiwa, jiko lilikuwa limeshakufa.

"Andika mazuri tu," mume alimwambia. "Ukisema limekufa, watakuja kulibeba. Watasema tumelichezea."

Dobi hakuwa na nguvu za kubishana. Aliandika: *Linafanya kazi vizuri.* Kisha akatoka uani kuwasha mkaa.

Jioni moja mvua ilinyesha, basi akawashia mkaa sebuleni. Maharage hayajaiva, mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe! Natoka ofisi ya nishati. Napita kuangalia majiko."

"Tumekwisha," mume akanong'ona. "Ficha hilo!"

Dobi akalinyanyua jiko la mkaa, mkaa mwekundu vilevile, akalisukumia chumbani na kufunga mlango. Kwa ule wasiwasi, hakuna aliyekumbuka kwamba binti yao mdogo amelala humo.

Afisa, mwanamke wa makamo, aliketi na kuuliza maswali yake taratibu. Dobi akaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayesinzia. Muda ukapita. Afisa akanusa.

"Mama, kuna mkaa humu ndani?"

"Wa majirani huo, dada."

"Wana watoto? Maana mkaa ndani ya nyumba..."

Dobi hakusubiri amalize. Aliufungua mlango kwa bega. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Akamnyakua, akakimbia naye nje. Akamwita. Kimya. Akamwita tena. Ndipo mtoto akakohoa, akatapika, akalia.

"Zahanati, sasa hivi!" afisa alisema. "Hewa ya mkaa huioni. Kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu usingizini."

Zahanati walimwekea oksijeni. Mtoto alipopata nafuu, Dobi alieleza yote, hana hata nguvu za kuona aibu.

"Mama," afisa alisema, "hatuulizi ili tuwanyang'anye. Tunauliza ili tujue pa kumtuma fundi. Wewe umeandika linafanya kazi. Nani angekuja?"

"Tuliogopa."

"Jiko kuharibika si kosa. Ukiliuza, hilo ni kosa. Likiharibika, sema siku hiyohiyo. Usingoje hata miezi mitatu."

Kesho yake fundi akaja. Alikaza waya uliolegea kwenye betri, jiko likawaka.

"Ni hilo tu?" mume akauliza.

"Ni hilo tu, mzee. Na hudaiwi kitu."

Mume akakaa chini. Siku hiyo hakutania tena.

Zamu ya taarifa iliporudi, Dobi alifuta mikono kwenye kanga, akaandika: *Jiko linafanya kazi. Siku za mawingu tunatumia mkaa, nje.*

Mume akachungulia. "Hata hilo la mkaa unawaambia?"

"Hata hilo."

Akatuma. Kisha akamwita binti yake aje kula.