Pakiti ya Kijani

Haya yalimpata rafiki yangu Hsiu-man, mpima damu katika maabara ya hospitali moja huko Tainan. Pale kila mtu huweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu ya mashine kama hirizi, ili itulie isigome. Za Hsiu-man, kwa miaka kumi na minne, hazikuwahi kusaidia. Akaja Yun-ju, binti wa juzi tu, akaweka yake, na mashine ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Bosi akawa hana wimbo mwingine ila Yun-ju.

"Labda mashine imekuchoka, dada," Yun-ju alimtania.

Hsiu-man alicheka, lakini moyoni alimwonea gere. Adhuhuri, Yun-ju alipokwenda chooni, Hsiu-man aliichukua pakiti ya binti huyo akaitia mfukoni, kisha akateremka chumba cha baridi kuchukua dawa za kupimia. Mlango ukajifunga nyuma yake. Taa ikazimika.

Gizani akasikia mtu anatafuna. Kru, kru, taratibu, karibu kabisa na sikio lake.

Taa iliporudi hapakuwa na mtu. Akaitoa pakiti mfukoni. Haikuchanika popote, ilikuwa imevimba kwa hewa vilevile, ila alipoitikisa haikutoa sauti. Ndani hamkuwa na kitu.

Yun-ju akafungua mlango, akamtazama usoni.

"Pangusa mdomo, dada," akasema. "Una makombo."