Lori Linalolia Kwenye Kona

Sekela alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa dereva wa lori la bluu.

Siku hiyo walimbeba ndama mdogo aliyetibiwa mguu mjini. Sasa alikuwa anarudi kwa mama yake, nyumbani kwa Bibi, kule milimani.

Lori likaenda, vuuu, vuuu. Mara barabara ikapinda.

Kro-kro-kro.

"Mama, lori linalia," Sekela akasema.

"Nimelisikia, mwanangu."

Barabara ikanyooka, lori likanyamaza. Ikaja kona nyingine.

Njia ikinyooka, vuuu.
Njia ikipinda, kro-kro-kro.

Mbele kulikuwa na mlima wenye kona nyingi. Mama hakuupanda. Aliingia gereji, kwa Fundi Ambakisye.

"Shikamoo, Fundi," Sekela akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Fundi akagonga magurudumu. Ko, ko, ko. Mazima. Akakagua breki. Nzima. Akachungulia uvunguni.

"Mbona sioni kitu?" akasema.

Kule nyuma ndama akalia, mbuuu. Sekela akampa majani. Ndama akageuza uso. Alitaka maziwa ya mama yake.

Sekela akataka kulia. Wakilala hapa, ndama atanyonya wapi?

Akamshika Fundi mkono.

"Fundi, njia ikinyooka, vuuu. Njia ikipinda, kro-kro-kro."

"Ikipinda tu?"

"Ikipinda tu."

"Basi ni difu," Fundi akasema.

Sekela hakujua difu ni nini.

"Tushikane mikono tuzunguke," Fundi akasema. Yeye akakaa upande wa ndani wa duara, Mama katikati, Sekela upande wa nje. Fundi alitembea pole pole. Sekela ilibidi akimbie.

"Umeona? Kwenye kona, gurudumu la nje hukimbia. La ndani huenda pole. Difu ndiyo inayoyaachia yaende hivyo."

Akamwonyesha uvunguni. Difu ilikuwa bonge la chuma, katikati ya magurudumu ya nyuma.

Fundi akapiga jeki. Akachomoa ekseli, vyuma virefu vya kuzungusha magurudumu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Akafungua difu. Oili ikamwagika kwenye beseni, glu, glu, glu.

Ndani ya oili kulikuwa na vipande vya chuma, vinametameta.

Fundi akatoa gia ndogo. Ilikuwa imevunjika jino.

Sekela akagusa pengo lake. "Kama mimi."

"Lako litaota," Fundi akasema. "Hili halioti. Tutaweka gia mpya."

Akaweka gia mpya. Akarudisha ekseli. Akamimina oili safi. Kazi ilichukua muda, na jua likaanza kushuka.

Mwishowe Mama akawasha lori. Kona ya kwanza ikaja. Sekela akaziba masikio. Kisha akazibua kidogo.

Vuuu.

Kona ya pili. Vuuu. Kona ya tatu. Vuuu.

Mama akashusha pumzi ndefu, akacheka. Sekela naye akacheka mpaka akakohoa.

Kabla giza halijaingia, wakafika. Ndama akainua mkia, akamkimbilia mama yake. Nyo, nyo, nyo, akanyonya.

"Nimechungulia njia tangu mchana," Bibi akasema. "Nilianza kuogopa."

"Lori lilikuwa linalia, Bibi. Nikamwambia Fundi linalia wapi."

Bibi akampakata. Sekela akaanza kumweleza habari za gurudumu la nje na gurudumu la ndani.

"La nje hukimbia," akasema. "La ndani…"

Akapitiwa na usingizi, vidole vyake bado vina oili.