Diski Mpya ya Mzee Indravadan

Jumamosi moja ya mwaka 2004, Jamleck, fundi wa kompyuta kutoka Waithaka, alikunywa chai yake vizuri, akabeba begi la vifaa na kwenda mtaa wa Kitisuru. Alikuwa ameitwa na mjane, Mama Vaishali. Mumewe, Mzee Indravadan, alikuwa ameuawa ofisini mwake humo nyumbani; ilisemekana ni majambazi. Kompyuta yake kuukuu, aliyoipenda kama mtoto, ilikufa siku hiyohiyo.

"Hata kama kazi zake zimepotea, fundi, mimi nataka tu kusikia inanguruma tena," mama alisema, akaenda jikoni.

Krish, mpwa wa marehemu, alibaki amesimama mlangoni.

Jamleck alifungua mashine. Diski, ile inayohifadhi kazi zote, ilikuwa imepondeka, kama iliyopigwa na chuma. Akaing'oa, akafunga nyingine mpya, tupu kabisa, isiyo na hata herufi moja. Akawasha.

Ko. Ko. Ko.

Diski haitoi mlio kama huo. Hiyo ilikuwa sauti ya chuma kikigonga mfupa.

Kioo kikawaka. Herufi za kijani zikajiandika, na mikono ya Jamleck iko hewani.

KRISH MWANANGU WEKA NYUNDO CHINI

"Umeandika nini hapo?" Krish alinong'ona.

"Sijagusa kitu, boss. Haki ya Mungu."

Krish akafunga mlango kwa ufunguo. Akainama kwenye begi la fundi. Akainuka na nyundo.

Pigo la kwanza lilimvunja Jamleck mkono. La pili likamtoa meno. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani, kando ya meza ya kompyuta. Damu ikamjaa mdomoni, akashindwa hata kupiga mayowe. Nyundo ikapanda tena. Safari hii ilikuwa ya kichwa.

Mkono ukamshika Jamleck begani kutoka nyuma, ukutani penyewe. Ukamvuta kando.

Nyundo ikamkosa, ikazama kwenye kioo cha kompyuta. Kikalipuka. Vipande vikamchana Krish koo.

Mama na askari wa lango walipovunja mlango, Krish alikuwa akigaagaa sakafuni, damu ikimruka. "Nilimuua," alikoroma. "Anko, niache. Nilikuua mimi." Hakufika hospitali.

Jamleck alipona. Lakini wodini, nesi alipomkata shati, alikuta begani alama nyeusi za vidole vitano. Kwenye kimoja, pete ilikuwa imezama hadi kuacha chapa ya ua.

Mama Vaishali, aliyekuja kumtazama mgonjwa, aliigusa ile chapa kwa kidole.

"Ni pete ya mzee," alisema. "Tuliuchoma mwili wake ikiwa kidoleni."